Matamko ya wagombea yatoke siku moja: barua ya wazi kwa Kamati yetu ya Uchaguzi

Ndugu Mwenyekiti na Ndugu Wajumbe wa Kamati ya Uchaguzi,

KUH: SIKU YA KUTANGAZA MATAMKO YA WAGOMBEA

Awali ya yote nawashukuru kwa kuikubali kazi ambayo, katika jumuiya yetu ya wachora ramani wa kujitolea, haina posho wala cheo, na malipo yake ya mwisho mara nyingi huwa ni lawama. Rasimu ya ratiba ya uchaguzi mliyoisambaza nimeisoma zaidi ya mara moja. Sina neno juu ya tarehe za kuchukua na kurudisha fomu, wala juu ya sifa za mpiga kura. Kilichonikalisha niandike ni sentensi moja tu, ile inayosema kwamba tamko la kila mgombea litatangazwa kwa wanachama mara litakapopokelewa. Naomba sentensi hiyo ibadilishwe, ili matamko yote yakae yamefungwa mpaka pazia la kurudisha fomu litakapoteremshwa, kisha yatoke yote kwa saa moja, na baada ya hapo wanachama wapewe muda usiopungua wiki mbili wa kuyasoma na kuuliza maswali kabla kura ya kwanza haijapigwa.

Nimechagua barua ya wazi badala ya kumpigia simu Katibu kwa sababu ombi la namna hii likipitia chochoroni hugeuka kuwa jambo jingine. Mimi sigombei, wala sina mtu ninayempigia debe. Lakini kama ningelisema pembeni na Kamati ikalikubali, yeyote atakayejitokeza baadaye na kunufaika angeambiwa kwamba ratiba ilishonwa kwa kipimo chake.

Waliokuwapo katika uchaguzi uliopita watakumbuka yaliyotokea, kwa kuwa utaratibu ulikuwa huu huu. Dada mmoja, ambaye sitamtaja jina maana hakunituma, alirudisha fomu yake mapema, siku ya pili tu. Tamko lake lilikuwa la mtu aliyekaa na daftari na kalamu. Alipendekeza vifaa vya uwandani vigawiwe kwa kanda badala ya kurundikwa vyote Dar es Salaam, na akaeleza nauli anayotumia mtu wa mikoani kufuata kifaa kimoja cha GPS na kukirudisha. Kwa zaidi ya wiki alikaa peke yake uwanjani. Maswali yote yakamwelekea yeye: kifaa kikipotea nani atalipa, mtunzaji wa kanda atachaguliwa na nani, betri zitanunuliwa kwa fedha gani. Alijibu kila mtu, usiku kwa usiku, baada ya kutoka kazini. Kisha siku ya mwisho, zikiwa zimebaki saa chache, matamko mengine yakaingia kwa mkupuo. Mawili kati ya hayo yalibeba pendekezo lile lile la kugawa vifaa kwa kanda, likiwa limekwisha kunyooshwa kwa majibu aliyoyatoa yeye. Na jingine lilifungua kwa kuwaonya wanachama dhidi ya "wenzetu wanaoahidi yasiyotekelezeka".

Hakuna aliyevunja kanuni hata moja. Kila mgombea alifanya kile ambacho ratiba ilimruhusu afanye, na sioni sababu ya kumlaumu mtu kwa kupita mlango ulioachwa wazi. Lakini dada yule hakugombea tena nafasi yoyote, na nilipomuuliza alinijibu kwa utulivu kwamba safari ijayo, kama ipo, atasubiri saa ya mwisho kama wengine.

Jibu hilo ndilo lililonisumbua, kwa sababu lina mantiki. Anayekusudia kugombea, akijua kwamba tamko litabandikwa papo hapo, anaanza kupiga hesabu isiyohusiana kabisa na kazi anayoiomba. Akitangulia, jina lake litazoeleka masikioni mwa watu, lakini atakuwa amewaonyesha wenzake karata zake zote. Akichelewa, atasoma ya wenzake, atachukua yaliyopokelewa vizuri, atakwepa yaliyozomewa, na hakuna atakayepata muda wa kumhoji vya kutosha. Vyovyote atakavyoamua, tunachokipima sisi wapiga kura si fikra zake peke yake. Tunapima pia ujanja wake wa kuchagua saa. Na kuna hasara nyingine isiyoonekana, ambayo mimi naiona kubwa kuliko hizo mbili. Tamko la kwanza likiwa la mkongwe anayejulikana kila kanda, limeandikwa kwa ufasaha na limeshaanza kupongezwa, kijana wa mwaka wa pili chuoni aliyekuwa na fomu yake nusu ameijaza huifunga kabatini. Hatumhesabu, kwa sababu hakuwahi kuonekana.

Wengi wenu mmefanya kazi katika halmashauri na mashirika, kwa hiyo mnaijua zabuni. Bahasha hupokelewa zikiwa zimefungwa. Hakuna inayochanwa kabla ya saa ya mwisho. Kisha hufunguliwa hadharani mbele ya walioomba. Sijapata kusikia mtu akiuita utaratibu huo usiri. Tunauita haki, kwa sababu kila mmoja ameandika bei yake bila kuchungulia ya jirani.

Chaguzi kubwa nazo hutenganisha nyakati hizo mbili. Tanzania Bara, mwaka 2020, siku ya uteuzi ilikuwa 25 Agosti na kampeni zikafunguliwa kesho yake, 26 Agosti. Kenya, kwa uchaguzi wa 9 Agosti 2022, kampeni rasmi zilianza 29 Mei na kukoma 6 Agosti. Yapo mengi ya kusema juu ya chaguzi hizo, lakini si ya barua hii. Ninachokiokota humo ni kwamba kampeni hupulizwa kipenga kimoja kwa wote.

Mfano ulio karibu zaidi na ombi langu unatoka mbali, katika jimbo la California, Marekani. Huko wagombea wa nafasi za wilaya na miji wanaweza kuandika tamko fupi, kwa kawaida la maneno 200, ambalo huchapishwa katika kijitabu anachotumiwa kila mpiga kura. Sheria ya uchaguzi ya jimbo hilo inaagiza matamko hayo yabaki siri mpaka muda wa mwisho wa kuyawasilisha upite. Mgombea akishawasilisha anaweza kuliondoa tamko lake, lakini hawezi kulibadilisha. Baada ya muda kupita, huwekwa wazi kwa siku 10 ili wananchi wayakague kabla ya kuchapishwa. Na kwa nafasi hizo za chini, mgombea hapaswi kumtaja mgombea mwenzake katika tamko. Aeleze habari zake na sifa zake basi. Nilipousoma utaratibu huo nilijiambia kwamba aliyeutunga lazima aliwahi kukutana na sentensi inayoanza na "wenzetu wanaoahidi".

Mtasema kwamba sisi si jimbo, ni watu wa kujitolea, na kanuni nyingi zitatuchosha. Basi tutazame waliojitolea kama sisi. Mradi wa Debian, unaotengeneza mfumo huria wa kompyuta kwa nguvu za watu waliotawanyika duniani, humchagua kiongozi wake kila mwaka kwa hatua tatu zilizoandikwa katika katiba yake: wiki moja ya watu kujitokeza, wiki tatu za kampeni ambazo hakuna mgombea mpya anayeruhusiwa kuingia, na wiki mbili za kupiga kura. Hoja husikilizwa wakati orodha imeshafungwa. Wakfu wa OpenStreetMap, ambao ramani zetu wenyewe hukaa katika hazina yake, umewahi kukusanya majibu ya wagombea wa bodi kwa maswali ya wanachama na kuyatoa yote kwa pamoja. Wikipedia ya Kiingereza, kwa upande mwingine, inafanya kama rasimu yenu inavyotaka: katika uchaguzi wa Kamati yake ya Usuluhishi kuna siku 10 za kujitokeza, na tamko la mgombea, lisilozidi maneno 400, huonekana mara tu anapojitokeza, na maswali huanza hapo hapo. Huko anayetangulia hubeba mzigo wa maswali siku nyingi kuliko anayeingia saa ya mwisho. Ni haki kusema kwamba wao huacha siku chache za utulivu kabla ya kura, na kura yenyewe huchukua wiki mbili, kwa hiyo jeraha hupata nafasi ya kupona kidogo. Rasimu yenu haina siku hizo. Inafunga pazia Ijumaa na kufungua kura Jumatatu.

Hapo ndipo utaratibu wa kutoa tamko moja moja unapotuumiza zaidi kuliko unavyowaumiza wao. Jumamosi na Jumapili ndizo siku zetu za kwenda uwandani. Wengi wetu tuliingia katika kazi hii kupitia mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa wakipita pamoja kuchora mifereji, nyumba na sehemu zinazofurika Dar es Salaam. Na tangu wakati huo desturi haijabadilika, mwisho wa wiki mtu yuko vichakani au vichochoroni akiwa na simu iliyowekwa kwenye hali ya kutunza betri. Tamko litakaloingia Ijumaa saa tano usiku litasomwa na nani kabla ya Jumatatu? Litasomwa na wa mjini mwenye bando la kutosha. Wa kijijini atalipokea siku anayopiga kura, kama si baada yake.

Sasa nijaribu kuzikabili hoja zitakazotolewa dhidi ya ombi langu, maana nyingine ni nzito, na moja imenichukua muda kuipatia jibu.

Ya kwanza ni uwazi. Wapo wanachama watakaouliza kwa nini Kamati ikae na karatasi ambayo mgombea mwenyewe yuko tayari isomwe. Nakubali kwamba kitu kimoja hakipaswi kufichwa hata siku moja, nacho ni jina. Fomu ikirudishwa leo, jina litangazwe leo, pamoja na nafasi inayogombewa na kanda anayotoka mgombea. Sababu ni kwamba uchache wa wagombea ni ugonjwa ambao hautibiki usipojulikana mapema. Mwaka 2019 wiki ya kujitokeza ya Debian ilikwisha bila mtu hata mmoja kujitokeza. Kwa kuwa jambo hilo lilikuwa wazi kwa kila mwanachama, watu wakahimizana, muda ukaongezwa, wagombea wakapatikana na kiongozi akachaguliwa. Sisi nasi tumewahi kuwa na watu waliopita bila kupingwa kwa sababu tu hakuna aliyejua kwamba nafasi ile ina mgombea mmoja. Kwa hiyo majina yaonekane siku kwa siku, na maneno yasubiri. Najua kwamba jina la mkongwe peke yake linaweza kumtisha kijana niliyemtaja hapo juu. Nimelipima hilo, na bado naona afadhali atishwe na jina kuliko atishwe na jina pamoja na kurasa mbili za ufasaha. Na kiti kisicho na mshindani ni hatari kubwa zaidi kwetu.

Ya pili ni kwamba wanachama watashushiwa matamko yote kwa siku moja na kuchoka kuyasoma. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama leo tungekuwa tunayasoma yote. Hatuyasomi. Tunasoma la kwanza kwa makini kwa kuwa ni jipya, la pili kwa kulilinganisha na la kwanza, na yaliyobaki tunayapitia juu juu. Wekeni ukomo wa maneno 400 na yatoke katika ujumbe wa maandishi ya kawaida, si faili la picha lenye nembo na rangi ambalo humaliza bando la wiki. Wagombea 10 hapo ni maneno 4,000, kazi ya jioni moja kwa mtu mwenye nia.

Ya tatu ndiyo nzito. Nani atayatunza matamko hayo kwa siku zote hizo? Wajumbe wa Kamati ni binadamu. Wana marafiki, wana wanafunzi wao, wengine wana ndugu miongoni mwa wagombea. Tamko likikaa wiki nzima katika simu ya mjumbe mmoja, tutakuwa tumeondoa faida ya kuchungulia kutoka kwa wote na kuikabidhi kwa mmoja, na hilo ni baya kuliko hali ya sasa ambamo angalau wote wanachungulia sawasawa. Kwa muda nilifikiri jibu ni kumtaka kila mgombea atume tamko lake siku ya mwisho tu. Lakini mtandao wetu tunaujua. Umeme ukikatika Lindi siku hiyo, au mnara ukizimika, mgombea wa Lindi hana tamko.

Napendekeza hivi. Mgombea atume tamko lake siku yoyote ndani ya kipindi cha kurudisha fomu, likiwa ndani ya faili lililofungwa kwa nywila anayoijua yeye peke yake, nalo lipokewe na wajumbe wawili kwa pamoja, wa kanda tofauti, ambao watampa stakabadhi yenye tarehe na saa. Pazia likishafungwa, mgombea ana saa 24 za kutuma nywila, na ujumbe mfupi wa simu ya kawaida, usiohitaji intaneti, unatosha kwa hilo. Saa 24 zikitimia, mafaili yote yanafunguliwa na kutumwa kwa wanachama bila kungoja lingine. Wanachama wetu ambao kila wiki hupakua picha za setilaiti na kuzipanga hawatashindwa kufunga faili moja. Na asiyeweza asaidiwe na mtu anayemwamini yeye, asiwe mjumbe wa Kamati. Mjumbe mwenye ndugu miongoni mwa wagombea asiwe mmoja wa wapokeaji wawili. Hilo sidhani kama linahitaji maelezo.

Kuna mambo madogo ambayo yasipoandikwa yataurudisha ubaya ule ule kwa mlango wa uani. Mpangilio wa matamko usifuate nani alitangulia kuwasilisha, maana mbio zitaanza upya; wala usifuate alfabeti, maana wenye majina ya A na B watakuwa juu kila mwaka. Ipigwe bahati nasibu mbele ya watu, kama California inavyofanya kwa kuchota herufi ili kupata alfabeti ya uchaguzi husika na kisha kuzungusha majina kutoka wilaya moja ya uchaguzi hadi nyingine kwa nafasi za jimbo zima. Tamko likishatoka lisibadilishwe. Mgombea akigundua kosa, tuseme ameandika mwaka usio sahihi au jina la kata nyingine, maelezo yake yaongezwe chini yakiwa na tarehe, na maneno ya awali yabaki yalivyo. Maswali ya wanachama yasifunguliwe kwa mgombea yeyote kabla matamko yote hayajatoka. Na asiyeleta nywila kwa wakati jina lake libaki katika orodha, na mahali pa tamko paandikwe kwamba hakuwasilisha. Kamati isisogeze saa kwa ajili ya mtu mmoja. Ikilazimika kuongeza muda wa kurudisha fomu kwa sababu wagombea ni wachache, yaliyokwisha kupokelewa yabaki yamefungwa mpaka muda mpya utimie.

Kuhusu wiki mbili za kusoma, najua mtaniambia kwamba ratiba imebana kwa sababu mkutano mkuu una tarehe yake. Nimejaribu kuipanga upya katika karatasi. Kipindi cha kuchukua na kurudisha fomu katika rasimu ni wiki nne. Uzoefu wetu ni kwamba fomu nyingi hurudi siku tatu za mwisho, hata tungetoa miezi miwili. Kikipunguzwa kikawa wiki mbili, wiki mbili zinazookolewa ndizo za kusoma, na tarehe ya mkutano mkuu haiguswi hata kwa siku moja. Ikiwa hili halikubaliki, naomba ziwe angalau siku 10 zenye Jumapili mbili ndani yake, ili mtu akikosa moja kwa kuwa uwandani aipate nyingine akiwa nyumbani.

Kwa kuwa rasimu inapitishwa katika kikao kijacho cha wanachama, naomba Kamati ijibu barua hii kwa maandishi kabla ya siku hiyo, hata kama jibu ni kukataa, ili atakayesimama kuijadili ratiba awe na sababu zenu mkononi. Pendekezo la maneno mapya ya kifungu hicho nimemkabidhi Katibu wa kanda yetu. Ni aya moja, na mko huru kuifinyanga mtakavyo. Mimi nitajitahidi kuwapo kikaoni. Mtandao ukinikatalia, yeye atayasoma kwa niaba yangu.

Wenu katika kazi ya kujitolea,

Mwanachama, Kanda ya Kusini